Mgeni wa siku tatu Mombasa alale usiku mmoja Kwale

Mhariri,

Kila likizo ya shule ikikaribia, kurasa za safari magazetini hujaa hoteli za Nyali, Bamburi na Diani. Utaona bei ya chumba, utaona picha ya bwawa la kuogelea, kisha mwishoni mstari mmoja unaosema kwamba mgeni anaweza pia kuzuru mbuga. Mbuga ipi, apitie wapi, aondoke saa ngapi, hayo hayaandikwi. Mimi ni mwongozaji wa wageni, mzaliwa wa Kwale. Naandika kwa sababu naona familia za kutoka bara zikija Pwani kwa pesa walizochanga mwaka mzima, zikikaa siku tatu au nne, na zikirudi kwao bila kuona mnyama mwingine ila ngamia wa kupanda pale ufuoni. Inaniuma, maana wanyama wako karibu sana nao.

Rai yangu ni moja. Anayekuja Mombasa kwa siku tatu atenge usiku mmoja alale Kwale, juu kwenye vilima vya Shimba, na mengine yote ayapange kwa kuanzia hapo.

Najua kuna watakaouliza: na Tsavo je? Tsavo Mashariki ni mbuga ya fahari, na wale ndovu wake wanaojipaka vumbi jekundu hawana mfano. Ilitengwa mwaka 1948, na ukiiunganisha na Tsavo Magharibi eneo lake lapita kilomita mraba 20,000. Ukubwa huo ndio unaomshinda mtu wa siku tatu. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, kwenye barabara ile ile ya malori ya bandarini, na pale penye mizani ya Mariakani foleni ikishika hujui utatoka lini. Lango la Bachuma liko karibu zaidi kuliko la Voi, lakini bado ni mwendo. Hata hivyo, ufuoni kuna wauzaji wanaowauzia watu Tsavo ya kwenda na kurudi siku moja. Familia huamshwa gizani, gari huzunguka hoteli baada ya hoteli likikusanya abiria, na likifika langoni jua limeshapanda. Huo ndio wakati simba amelala kichakani na ndovu wametafuta vivuli. Watu huzungushwa kwenye joto na vumbi, wanakula chakula cha mchana kwa haraka, kisha gari linageuzwa liwahi kurudi kabla ya usiku.

Namkumbuka babu mmoja aliyekuja na wajukuu zake kutoka Eldoret. Walikuwa wamepelekwa Tsavo kwa mtindo huo, na kesho yake wakaletwa kwangu. Nikamuuliza yule mdogo ameona nini. Akanijibu, "Mama, mimi nilikuwa nimelala." Babu yake aliinamisha macho. Alikuwa amelipia viti vya watoto wote, malango yote, chakula chote, na mtoto alikuwa amechoka kiasi kwamba ndovu walipita karibu na dirisha lake naye hana habari. Hakuna wa kulaumiwa pale isipokuwa mpango wenyewe. Mtoto wa umri ule hawezi kukaa garini tangu alfajiri hadi magharibi akabaki na hamu ya kutazama.

Anayeitaka Tsavo kwa dhati aiweke njiani. Treni ya asubuhi kutoka Nairobi, ile inayosimama vituo vya kati, hushusha abiria Voi, na mji wa Voi uko mlangoni pa mbuga. Alale hapo, aingie mbugani alfajiri, kisha aendelee na safari ya Mombasa. Reli yenyewe inapita katikati ya Tsavo juu ya tuta lenye mapito ya wanyama chini yake, kwa hivyo hata asiyeshuka akae dirishani, asisinzie kuanzia Mtito Andei. Lakini kutoka ufuoni hadi Tsavo na kurudi siku hiyo hiyo, mimi simshauri mtu, hata yule anayenilipa.

Sasa nije kwetu. Hifadhi ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka 1968. Mji wa Kwale uko kama kilomita 30 tu kutoka Mombasa, na lango la hifadhi liko mbele yake kidogo. Vilima vyapanda zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa baharini ukivigonga huacha mawingu na umande. Ndiyo maana asubuhi utakuta ukungu umetanda juu ya majani, na mtu aliyetoka Diani akiwa na kaptura anaanza kutetemeka. Njoo na sweta. Njoo na viatu vya kufunga.

Hapa ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala, aina ya swala mkubwa, angali akiishi porini. Dume lake ni jeusi tii, tumbo jeupe, uso una michirizi myeupe, na pembe zimepinda kurudi nyuma kama zinataka kugusa mgongo. Majike na ndama ni wekundu wa kahawia. Ukimwona dume amesimama kwenye nyika ya majani mafupi, ukungu unaondoka nyuma yake, bahari inang'aa kule mbali, utaelewa kwa nini nang'ang'ania jambo hili. Tanzania, Zambia na nchi nyingine za kusini wako palahala wengi. Kenya ni hawa tu, katika vilima hivi tu. Wakitoweka hapa wametoweka nchini, na Mkenya aliyezaliwa Kisumu au Garissa ana haki ya kuwaona kama mimi niliyezaliwa miguuni pa vilima.

Palahala hutoka kulisha mapema, na jua likishakuwa kali hujisogeza pembezoni mwa msitu. Ndovu nao ni hivyo hivyo, wa Shimba ni ndovu wa msitu mnene, wanaingia humo na huwaoni tena hadi alasiri. Malango ya hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Anayelala Nyali atafikaje hapo saa hiyo? Itambidi avuke Likoni pamoja na magari ya asubuhi, apande hadi Kombani, akate kulia kuelekea Kwale, na akifika saa tatu au saa nne ataambiwa wanyama walikuwepo. Aliyelala Kwale anaamka, anakunywa chai, na lango likifunguliwa yuko pale. Kwa hesabu yangu saa mbili za kwanza za asubuhi Shimba zinashinda siku nzima ya kuzungushwa mahali pengine.

Sitamwahidi mtu simba. Anayekuja Shimba aje kwa ajili ya palahala, ndovu, nyati, twiga, mbega na msitu wenyewe, ambao ni mabaki ya misitu iliyowahi kufunika sehemu kubwa ya pwani hii. Jua likishapanda, badala ya kuendelea kuzunguka na gari, ateremke kwa miguu hadi Maporomoko ya Sheldrick. Ni mwendo wa kilomita mbili hivi, askari wa wanyamapori akiwa mbele na bunduki yake, na maji huanguka mita 21 kwenye kidimbwi cha baridi. Kuteremka ni rahisi. Kupanda kurudi kunataka pumzi, kwa hivyo wazee na wenye magoti mabovu wabaki juu kwenye kivuli, na kila mtu abebe maji yake. Watoto ninaowapeleka hulitaja poromoko lile kuliko kitu chochote kingine, maana wameliendea kwa miguu yao wenyewe na wamesikia msitu ukilia kwa wadudu na ndege pande zote.

Zamani kisingizio kilikuwa feri. Kweli, kivuko cha Likoni kina msongamano, hasa asubuhi watu wakielekea kisiwani na jioni wakirudi, ingawa anayevuka kwa miguu halipi chochote. Lakini siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu. Mtu anayeshuka treni Miritini anaweza kushika barabara hiyo, akavuka madaraja ya Mwache na Mteza juu ya mikoko, akatokea Kibundani upande wa Kwale bila kuingia kisiwani wala kugusa feri. Nashangaa kwamba barabara hii imefunguliwa na bado wageni wanapelekwa kwanza mjini, wanakwama, halafu wanaletwa kusini wakiwa wamechoka. Kituo cha treni kiko nje ya kisiwa tayari. Kutoka pale Kwale imekuwa jirani.

Malipo ya hifadhi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hufanywa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni. Lipa ukiwa na mtandao mzuri, usingoje hadi uko kilimani na watoto wanalia njaa. Mkenya abebe kitambulisho chake, la sivyo hataweza kudai kiwango cha raia. Viwango vyenyewe hubadilika, kwa hivyo aviangalie wiki ile anayosafiri, asitegemee alicholipa shemeji yake mwaka juzi.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisisitize usiku wa Kwale, na hili ni la watu. Sisi tunaishi na ndovu. Mahindi yakikaribia kukomaa, wanaume hulala mashambani, moto unakokwa, madebe yanapigwa usiku kucha. Shangazi yangu aliyekuwa akilima upande wa Golini aliamka asubuhi moja akakuta shamba lake lote limelazwa chini, na zile zilikuwa karo za watoto wake. Mwaka 2005 KWS ilihamisha ndovu wengi kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki kwa sababu hifadhi ilikuwa imewazidi na mashamba ya jirani yalikuwa yanaumia. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, familia za Golini na Mwaluganje zilikubali kutoa ardhi yao iwe Hifadhi ya Ndovu ya Mwaluganje, ili ndovu wapate njia kati ya Shimba na msitu wa Mwaluganje. Walitoa mashamba waliyorithi kwa wazee wao, wakitarajia kwamba wageni watakuja na ada ya langoni itagawanywa miongoni mwao.

Wageni wasipokuja, familia hizo zimebaki na ndovu bila shamba. Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikisoma makala ya safari isiyotaja Mwaluganje hata kwa neno moja. Mgeni anayelala hapa, akanunua mboga sokoni Kwale, akalipa kijana wa hapa amwonyeshe njia, akaingia Mwaluganje jioni kutazama ndovu wakipita, anawafanya majirani zangu waone faida ya mnyama ambaye usiku mwingine ni adui yao. Na yeye mwenyewe anaondoka akiwa amezungumza na watu wanaomjua ndovu kwa kelele zake za usiku, si kwa picha.

Nije baharini, maana sikusema mtu asione bahari. Hapo pia mpango ufuate maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu hupita mita tatu, na kupwa kwenyewe huwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Huo ndio wakati wa kutembea na watoto juu ya mwamba, wakiwa na viatu vya mpira, watazame viti vya pwani, wale wenye umbo la nyota, urumba, kaa na samaki wadogo waliobaki vidimbwini. Watazame bila kuokota. Kombe lililo tupu kesho ni nyumba ya kaa. Anayetaka kuogelea asubuhi achague siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua mbili, au angoje alasiri ya bamvua maji yajae. Nimeona wageni waliofika siku ya bamvua wakikasirika kwamba "bahari imeondoka," na wenyeji wao hotelini hawakuwa wamewaambia kwamba itarudi baada ya saa chache.

Mwezi wa kusafiri nao una maana yake. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa meupe, na huo ndio msimu wa kwenda Shimoni, ukapande mashua hadi Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti ambayo imelindwa tangu mwaka 1973. Pomboo wa maeneo ya Wasini ni wakazi, hawahamihami, lakini nahodha mwema hawakimbizi. Huzima injini, akangoja waje wenyewe. Ukiona mashua zimewazunguka kwa fujo, mwambie nahodha wako arudi nyuma, wewe ndiye unayelipa. Likizo ya Agosti huangukia msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Bahari huwa na mawimbi, na wenye matumbo mepesi watateseka njiani, lakini Julai hadi Septemba ndipo nyangumi wa nundu hupita kwenye maji yetu wakitoka kusini, na aliyemwona mmoja akiruka hasahau. Shimoni iko mbali kusini mwa Likoni, karibu na mpaka, kwa hivyo asiunganishe Shimoni na Shimba siku moja. Achague mojawapo, au azipe kila moja siku yake. Asiye na nafasi ya Shimoni anayo Hifadhi ya Bahari ya Mombasa hapo hapo mbele ya Nyali na Bamburi, tangu 1986, na mashua za kioo chini.

Bamburi kuna Haller Park pia, na inafaa kwa alasiri moja yenye watoto. Lilikuwa shimo la machimbo ya saruji, jiwe tupu la matumbawe. Kazi ya kulirudisha ilianza mwaka 1971 kwa kupanda mivinje, na majongoo wakaletwa kula majani yaliyoanguka hadi yakawa udongo. Leo kuna msitu, twiga, viboko na kobe. Ngome ya Yesu iendewe asubuhi ya mwisho kabla ya treni. Ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, ukuta wake umeona mengi, na wengi wameiandika vizuri kuliko nitakavyoweza.

Jambo moja juu ya Diani, kwa sababu mgeni anayeteremka kutoka Kwale atapitia huko. Juu ya barabara ya ufuoni ataona ngazi za kamba zimetandazwa kati ya miti. Ni za mbega, waweze kuvuka bila kugongwa na magari. Mbega ni mla majani, tumbo lake limeumbwa kwa majani, na mkate au biskuti humdhuru. Tumbili, kima na nyani wao watapokea chochote, na hapo ndipo balaa huanzia: nyani akishazoea mkono wa mgeni huingia vyumbani na kuwatisha watoto, na mwishowe ni yeye anayeuawa. Tafadhali, wazazi, msiwape watoto ndizi za kuwarushia ili mpige picha. Dereva naye apunguze mwendo akiingia barabara hiyo, hasa asubuhi na jioni.

Kwa hiyo ningepanga hivi kwa familia inayotoka Nairobi Ijumaa. Ipande treni ya asubuhi, alasiri iko Miritini, ishike Dongo Kundu, jioni iko Kwale, ikale na kulala mapema. Jumamosi lango la Shimba saa kumi na mbili, poromoko kabla ya mchana, kisha iteremke Diani ikapumzike. Jumapili ni ya bahari, saa zake zikifuata maji. Jumatatu Ngome ya Yesu na treni. Anayetaka kubadilisha Jumapili na Jumatatu abadilishe, lakini Jumamosi alfajiri asiiguse.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na linawezekana. Halmashauri ya Bandari huchapisha jedwali la maji la mwaka mzima. Chapisheni sehemu yake kwenye ukurasa wa safari kila wiki ya likizo, saa za kujaa na kupwa kwa siku saba, zikae kando ya saa za treni na saa za malango ya hifadhi. Na mkituma mwandishi Pwani kwa ajili ya toleo la Desemba, mpitisheni Kwale kabla hajafika hotelini. Akitaka wa kumpeleka Mwaluganje na kumkutanisha na familia zilizotoa mashamba, niko tayari, na sitamtoza.

Mwongozaji wa wageni,
Kwale